Majivu Yatoayo Nuru: Habari za Kifuko cha Karabai

Mtu aliyekaa katika mji mkubwa wa Ulaya mnamo mwaka 1880, uwe ni London, Paris au Vienna, alisoma kitabu chake na kula chakula chake cha usiku kwa nuru ya gesi, yaani ile hewa iwakayo iliyotolewa katika makaa ya mawe kwa kuyaoka ndani ya matanuri yaliyozibwa, ikapitishwa katika mabomba chini ya njia hata ikafika chumbani mwake. Nuru hiyo ilikuwa ya manjano, yenye moshi uliotia weusi dari, yenye kutikisika kwa kila upepo mwepesi. Na ajabu yake ni kwamba haikutoka katika gesi yenyewe kama wengi walivyodhani, bali katika vumbi la masizi ambalo, likiwa katikati ya mwali, hupata moto na kung'aa kwa kitambo kidogo kabla ya kuteketea. Ndivyo ilivyo nuru ya mshumaa, na ndivyo ilivyo nuru ya koroboi. Mwali ulio safi hauna nuru ya haja. King'aacho ni kitu kigumu kilichomo ndani yake, na Robert Bunsen, mwalimu mashuhuri wa kemia katika Chuo Kikuu cha Heidelberg, alikuwa amelidhihirisha jambo hilo kwa taa yake ya maabara, ambayo kwa kuichanganya gesi na hewa kabla haijawaka ilitoa mwali wa buluu wenye harara kali mno, lakini usiomwezesha mtu kusoma hata mstari mmoja.

Ikiwa masizi hung'aa kwa sababu ni kitu kigumu kilichopata moto, basi ilikuwa halali kuuliza kwa nini kisitafutwe kitu kingine kigumu, kisichoteketea, kikawekwa ndani ya mwali mkali na kukaa humo usiku kucha. Chokaa ilijaribiwa mapema: katika miaka ya 1820 kipande cha chokaa kilichopigwa na mwali wa hidrojeni na oksijeni kilitoa weupe mkali uliowafaa wapima ardhi wa Kiingereza kuonana kutoka kilima hata kilima, na baadaye ukawafaa wenye majumba ya tamthilia waliotaka kummulika mchezaji mmoja jukwaani na kuwaacha wenzake gizani. Walakini taa hiyo ilihitaji gesi mbili na mtu wa kuisimamia, na haikuwa chombo cha kuwekwa sebuleni. Mfaransa Charles Clamond, mwanzoni mwa miaka ya 1880, alitengeneza kikapu kidogo cha magnesia kilichong'aa ndani ya mwali wa gesi, kikasifiwa katika maonyesho, kisha kikasahauliwa. Chokaa, magnesia, na karibu kila kitu kitakachotajwa katika habari hizi ni oksidi, maana yake ni metali iliyokwisha kushikana na oksijeni; na kitu kilichokwisha kuungua namna hiyo hakina cha kuogopa motoni.

Aliyelitatua fumbo hili alikuwa Carl Auer von Welsbach, aliyezaliwa Vienna tarehe 1 Septemba 1858, mwana wa mkuu wa kiwanda cha chapa cha dola ya Austria. Mwaka 1880 alikwenda Heidelberg kusoma kwa Bunsen, na humo akapewa kuchunguza kundi la madini ambalo wanakemia waliliita ardhi adimu, madini yanayofanana mno kwa tabia hata kuyatenga moja na jingine ilikuwa kazi ya miaka na ya subira isiyo kifani. Njia ya kuyatambua ilikuwa ni kuyatia katika mwali na kuitazama rangi yake kwa kioo cha pembe tatu. Na kwa kuwa rangi hizo zilikuwa hafifu, kijana huyu, katika kutafuta namna ya kuziongeza, alichovya uzi wa pamba katika maji ya chumvi za madini hayo, akaukausha, akautia motoni. Pamba iliungua ikaondoka. Kilichobaki kilikuwa uzi uleule kwa umbo lake, msokoto kwa msokoto, lakini sasa umekuwa oksidi tupu, mweupe, dhaifu, nao ukang'aa ndani ya mwali wa Bunsen kwa nuru ambayo hakuitarajia.

Inafaa kusimama hapa kidogo, kwa kuwa jambo lenyewe ni jepesi kulitazama na zito kulieleza. Chumvi aliyoitumia ni naitrati, ambayo huyeyuka majini kwa urahisi. Maji hayo hupenya ndani ya nyuzi za pamba na kugawanyika katika nafasi ndogo mno, kila tone likitengwa na jirani yake kwa ukuta wa pamba. Na inapowaka, pamba hutoa harara kutoka ndani, naitrati nayo hutoa oksijeni, hata kwa muda mfupi sana chumvi hugeuka oksidi kabla chembe zake hazijapata nafasi wala wakati wa kukusanyika na kukua. Natija yake ni majivu ya chembe ndogo ajabu zilizoshikana kwa ncha, zenye matundu mengi katikati, zenye uso mpana sana kwa uzito mdogo sana. Mfinyanzi atakaye oksidi ngumu huisaga, huikandamiza na kuichoma siku nyingi ili chembe ziungane. Auer alitaka kinyume chake, na alikipata kwa kuazima umbo la pamba. Kwa upande wa nuru faida yake ilikuwa kubwa: uzi mwembamba wa majivu hupata moto mara moja, haunyonyi harara nyingi kwa ajili ya mwili wake, na nuru inayozaliwa katika chembe moja hugonga nyingine na kutawanyika pande zote.

Mwaka 1885 ulikuwa mwaka wa neema kwake. Ndani ya mwaka huo, akiwa amekwisha kurudi Vienna na kufanya kazi katika maabara ya mkemia Adolf Lieben, aliitenga didimiamu, ambayo dunia nzima iliihesabu kuwa madini moja, ikawa madini mawili, praseodimiamu ya rangi ya majani na neodimiamu ya rangi ya waridi, kwa kuigandisha chumvi na kuiyeyusha tena na tena zaidi ya mara mia. Na ndani ya mwaka huohuo alipata hati ya serikali ya kuilinda taa yake. Kifuko chake cha kwanza, yaani mfuko mdogo wa kuvishwa mwali, kilifumwa kwa pamba na kutiwa mchanganyiko wa magnesia pamoja na oksidi za lanthanamu na itriamu. Mwaka 1887 alinunua kiwanda huko Atzgersdorf karibu na Vienna, akaanza biashara kwa matumaini makubwa, na matumaini yakamvunjikia mkononi kama vilivyovunjika vifuko vyenyewe. Nuru ilikuwa na ukijani uliowafanya wanawake waonekane wagonjwa mezani. Kifuko kilikatika kwa mtikisiko wa mlango. Na kilichosalimika kilififia siku baada ya siku. Kufikia mwaka 1889 kiwanda kilikuwa kimefungwa.

Mwengine angalirudi maabara na kuacha mambo ya soko. Auer alirudi maabara, lakini kwa azma ya kulirudia soko, na alichokishika sasa kilikuwa oksidi ya thoriamu, madini ambayo Msweden Berzelius aliyavumbua katika jiwe la Norway mwaka 1828 na ambayo kwa miaka sitini hayakuwa na faida kwa mtu yeyote. Vifuko vya kwanza vya thoriamu viling'aa vizuri sana. Ndipo yeye, kwa tabia ya mwanakemia, akaisafisha chumvi yake ili ing'ae zaidi, na ikang'aa pungufu. Akaisafisha tena, ikazidi kufifia. Sonara hupandisha thamani ya dhahabu kwa kuiondolea ghushi, lakini hapa ghushi ndiyo iliyokuwa thamani yenyewe, kwani thoriamu iliyo safi kabisa haitoi ila nuru duni, na kile kilichokuwa kikiondoka katika kila safisho, kilichochukuliwa kuwa uchafu, kilikuwa seriamu. Ikawa kazi sasa ni kupima: seriamu ikitiwa nusu ya sehemu katika mia haitoshi, ikizidi sehemu chache nuru hurudi nyuma, na palipo pazuri kupita pote ni sehemu 99 za oksidi ya thoriamu kwa sehemu moja tu ya oksidi ya seriamu. Kipimo hicho, kilichopatikana kwa majaribio na macho na si kwa nadharia yoyote, hakikubadilika kwa karibu miaka mia.

Tarehe 4 Novemba 1891 taa mpya iliwashwa mbele ya mkahawa wa Opera mjini Vienna. Haukupita muda mrefu vifuko vikahesabiwa kwa mamilioni, na kampuni za gesi, zilizokuwa zimekwisha kuingiwa na hofu tangu Edison alipoitoa taa yake ya umeme mwaka 1879, zikapata umri mpya, kwa kuwa gesi ileile sasa ilitoa nuru nyingi mara kadhaa kuliko zamani. Mimi naona kwamba mara nyingi historia ya ufundi huandikwa kama kwamba taa ya umeme iliifukuza gesi siku ileile ilipozaliwa. Kwa kweli miji mingi ya Ulaya iliingia karne ya ishirini ikimulikwa kwa majivu ya Auer, na baadhi yake iliendelea hivyo muda mrefu sana.

Kwa nini seriamu kidogo kiasi kile ifanye kazi kubwa kiasi kile, wataalamu walibishana. Wengine walisema kwamba seriamu huharakisha kuungua kwa gesi katika uso wa kifuko, wengine wakasema ni nuru ya namna ya pekee isiyotokana na harara. Aliyeleta ithibati alikuwa Heinrich Rubens wa Berlin, bingwa wa kupima mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho, ambaye vipimo vyake vya mwaka 1900 ndivyo vilivyomsukuma Max Planck kwenye kanuni yake ya mionzi. Mwaka 1905 Rubens alikipima kifuko cha Auer mwonzi kwa mwonzi, akakuta kwamba hakuna muujiza: thoriamu ni kitu kigumu kinachotoa mionzi kidogo sana, ya kuonekana na ile ya joto iliyo jirani yake, na kwa hivyo haipotezi harara, hukaa moto karibu sawa na mwali wenyewe, seriamu nayo hunyonya upande wa buluu na kijani, na kitu kinyonyacho nuru ya namna fulani kikiwa baridi huitoa nuru ya namna hiyo kikipata moto. Seriamu ikitiwa nyingi hufungua mlango wa mionzi ya joto pia, kifuko hupoa, nuru hupungua. Hayo ndiyo yote. Lakini tuone jinsi mambo yalivyokwenda: kwa miaka kumi na minne viwanda viliuza kitu ambacho vyuo vikuu havikuweza kukieleza, na hata kilipoelezwa, kipimo cha mafundi hakikuhitaji kusahihishwa.

Thoriamu ya kutosha ilitoka wapi? Ilitoka katika mchanga wa pwani, mchanga mzito wa manjano uitwao monazaiti, uliochukuliwa kwanza katika majimbo ya Carolina huko Marekani, kisha kwa wingi zaidi katika fukwe za Brazili, na biashara yake ikawa mikononi mwa wachache, Wajerumani wakiwa mbele. Kisa cha mchanga wa India ni kizuri na kinatuhusu kwa upande mmoja. Kamba za makumbi zilizotoka Malabar, za usumba uleule uliotumika kushonea mitepe na kufungia majahazi katika pwani yetu, zilifika Ulaya zikiwa na chembe za mchanga ndani ya nyuzi zake, kwa kuwa makumbi hufukiwa na kuozeshwa ufukoni kabla ya kupondwa. Mkemia Mjerumani aitwaye Schomberg aliutazama mchanga huo, akaujua kuwa ni monazaiti, akaufuata nyuma hata akafika kusini ya Travancore mwaka 1909. Hivyo mavuno makubwa ya madini yakajulikana kwa vumbi lililosahauliwa ndani ya kamba.

Kifuko chenyewe kilibadilika kidogo kidogo. Pamba iliuachia nafasi uzi wa rami, ambayo ni mmea kutoka Mashariki, na baadaye hariri ya kutengenezwa kwa mikono ya watu, kwa sababu uzi laini na mrefu huacha majivu yasiyopasuka upesi. Wafanyakazi, aghalabu wanawake, walikata mfuma mrefu vipande, wakashona vichwa, wakavichovya na kuvikamua, wakavikausha juu ya vifinyango vya mbao; kisha kifuko kilichochomwa kilichovywa katika kolodiani, aina ya gundi nyepesi, ili kiweze kusafirishwa bila kuvunjika. Baadaye kikaja kifuko laini, kinachouzwa kikiwa kitambaa bado, ambacho mnunuzi mwenyewe hukichoma nyumbani. Hiki ndicho kilichotufikia sisi.

Kwani katika nchi zisizo na mabomba ya gesi, mwali ulitafutwa katika mafuta ya taa. Taa ya karabai, ambayo Max Graetz wa Berlin aliieneza duniani kwa jina la Petromax tangu mwanzo wa karne ya ishirini, na ambayo Waingereza waliitengeneza kwa majina yao, ni taa ya gesi iliyobeba kiwanda chake cha gesi ndani ya tangi. Mwenye kuiwasha humimina spiriti katika kijikombe kilicho chini ya kichwa, huiacha iwake mpaka mrija upate moto, kisha hupiga pampu; upepo huyasukuma mafuta juu, mafuta hugeuka mvuke ndani ya mrija uliopata moto, mvuke huchanganyika na hewa na kutokea katika kichwa cha udongo mgumu, na hapo ndipo kilipofungwa kifuko kwa uzi. Kifuko kikiwa kipya huchomwa kwanza kwa kiberiti bila pampu: kwanza huwa cheusi na kujikunja kama kimeharibika, weusi hupanda kutoka chini kwenda juu, nyuma yake hufuata weupe, na kitambaa kilichokuwa kikijaa kiganja hubaki kifundo kisichozidi ukubwa wa yai la njiwa. Tangu hapo hakiguswi. Kumbikumbi mmoja aliyepita katika tundu la kioo anatosha kukitoboa, na kifuko kilichotoboka hurusha mwali wa upande mmoja unaopasua kioo. Wenye harusi, wenye maulidi na wenye maduka wa pwani walilijua jambo hili vema, wala hakukosekana mtu mmoja katika shughuli aliyekabidhiwa karabai peke yake, asiye na kazi nyingine ila kuisikiliza ikivuma na kuipiga pampu ilipoanza kulegea.

Walakini matumizi yaliyobadilisha maisha ya watu zaidi ni yale ya uvuvi. Katika Ziwa Tanganyika dagaa walivuliwa tangu zamani usiku wa giza kwa mienge ya kuni zilizowashwa kwenye omo la mtumbwi, samaki wakiufuata mwanga na mvuvi akiwateka kwa lusenga, wavu mpana wenye mpini mrefu. Miaka ya 1950 karabai zilichukua mahali pa kuni. Mwanga ukapenya chini zaidi majini, kundi lililokusanyika likawa kubwa zaidi, na wavu wa kuchotea ukaacha nafasi kwa nyavu kubwa za kuinuliwa baina ya vyombo viwili. Baadaye Ziwa Viktoria nalo likafuata, ambako karabai huwekwa juu ya vichelezo vya mbao, huachwa zikielea, kisha huvutwa polepole kuelekea wavu. Siku za mwezi mpevu wavuvi hukaa pwani, kwa kuwa hakuna taa ya kushindana na mwezi.

Nimesema juu ya nuru. Haki haitimii pasipo kusema juu ya umeme. Mwaka 1897 Walther Nernst, mwalimu wa Göttingen, alitengeneza kijiti chembamba cha oksidi ya zirikoniamu iliyotiwa oksidi ya itriamu kadiri ya sehemu 15 katika mia, akakifunga ncha mbili kwa waya wa platinamu. Kila mtu alijua kwamba oksidi za namna hiyo hazipitishi umeme, na kweli kijiti kikiwa baridi hakikupitisha; lakini kikipashwa moto kwanza, hata kwa kiberiti, umeme huanza kupita, nao ukipita hukizidishia moto, hata king'ae kwa weupe mzuri bila kuhitaji kufungiwa ndani ya chupa isiyo na hewa. Kampuni ya AEG ya Berlin iliinunua haki ya taa hiyo, na katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 banda la Wajerumani lilimulikwa kwayo. Maisha yake yalikuwa mafupi. Mtu alilazimika kuingoja ipate moto, na kadiri ilivyozidi moto ndivyo ilivyozidi kupitisha umeme, hata ilihitaji waya wa chuma wa kuizuia isijiteketeze. Na waya za metali, za kwanza zikiwa zile za osmiamu alizozileta Auer yuleyule, ziliiondoa sokoni kabla ya Vita Kuu.

Lakini swali lake halikuondoka. Nernst mwenyewe alikwisha tambua kwamba kinachotembea ndani ya kijiti si elektroni kama katika waya wa shaba, bali oksijeni yenye chaji. Ilikuwa mwaka 1943 ndipo mkemia Carl Wagner alipoonyesha njia yenyewe: atomi ya itriamu hubeba chaji tatu mahali ambapo zirikoniamu ingebeba nne, na ili hesabu ikae sawa, kwa kila itriamu mbili zinazoingia hubaki nafasi moja tupu ya oksijeni, oksijeni jirani huruka kuingia humo, huacha nafasi nyuma yake, na mwendo hauishi maadamu moto upo. Hapa tena ni ghushi iliyokipa kitu uwezo wake. Fundi wa magari wa leo anayebadilisha kile kidude kilichochomekwa katika bomba la moshi ili kuijulisha injini kiasi cha oksijeni kilichobaki, anakishika mkononi kijiti cha Nernst kwa sura nyingine, kwa kuwa tangu mwaka 1976 kidude hicho hutengenezwa kwa zirikoniamu ileile iliyotiwa itriamu.

Upande wa pili wa habari hizi haukuwa wa nuru. Mwaka 1898 Gerhard Schmidt huko Ujerumani na Marie Curie huko Paris, kila mmoja kwa nafsi yake, walitambua kwamba thoriamu hutoa mionzi kama uraniamu. Viwanda vya vifuko vikawa, bila kukusudia, ghala za uvumbuzi mpya, na mkemia Otto Hahn akapata katika chumvi za thoriamu vitu ambavyo madaktari walivinunua kwa bei ya johari. Anayekaa chini ya karabai hapati madhara makubwa. Aliye hatarini ni mtengenezaji anayevuta vumbi kila siku, pamoja na nchi iliyozunguka kiwanda, na katika miaka ya mwisho ya karne ya ishirini watengenezaji wengi waliiacha thoriamu wakatumia itriamu, wakiridhika na nuru iliyo pungufu kidogo.

Elimu iliyobaki imehamia katika vyuo, na mtu akiingia katika maabara ya leo ya chembe za oksidi ataona kazi ambayo Auer angeitambua asubuhi ya kwanza. Mwaka 1988 K. C. Patil na mwanafunzi wake, katika Taasisi ya Sayansi ya India huko Bangalore, walieleza jinsi naitrati ya alumini ikichanganywa na urea na kutiwa katika tanuri la nyuzi 500 inavyochemka, ikatoa povu, ikashika moto yenyewe na kwa dakika chache ikaacha sufuria imejaa oksidi nyepesi kama povu lililokauka. Wengine hutumia sukari, wengine asidi ya limau. Yote ni kuni zilizochanganywa ndani ya chumvi, kama ilivyokuwa pamba. Chembe zinazopatikana hupimwa kwa nanomita, na nanomita ni sehemu moja katika milioni ya milimita. Unga hutawanywa majini na kupitishiwa nuru ya kila rangi ili kujua ni wapi inapoanza kunyonywa, kwani chembe ikiwa ndogo mno mahali hapo husogea kuelekea urujuani. Sehemu nyingine hukandamizwa iwe kidonge, hupakwa fedha nyuso mbili, na kupitishiwa umeme wa mawimbi ya haraka na ya polepole huku ikipashwa moto hatua kwa hatua, ili kutenga kile kinachopita ndani ya chembe na kile kinachokwama katika mipaka baina yao. Na mipaka hiyo, ambayo katika kitu cha chembe kubwa ni kama haipo, katika chembe ndogo mno huweza kufikia nusu ya kitu chenyewe: mwaka 1996 watafiti wa Massachusetts walionyesha kwamba oksidi ya seriamu, ikiwa katika chembe za nanomita chache, hupitisha umeme kwa elektroni zaidi sana kuliko ikiwa katika chembe za kawaida, pasipo kuongezewa kitu chochote.

Karabai zinaondoka majini. Katika Ziwa Viktoria na hata Tanganyika wavuvi wamenunua taa za betri na za jua, zisizo na pampu wala spiriti wala kifuko cha kuvunjika, na mtu hawezi kuwalaumu, kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa yakila sehemu kubwa ya pato la usiku. Taa hizo hazing'ai kwa moto. Ndani yake mna kipande kidogo kitoacho nuru ya buluu, na juu ya kipande hicho umepakwa utando wa manjano ambao hunyonya sehemu ya buluu na kuirudisha ikiwa manjano, hata rangi hizo mbili zikichanganyika jicho huona weupe. Kampuni ya Kijapani Nichia ilianza kuziuza taa nyeupe za namna hiyo mwaka 1996. Na utando huo wa manjano ni unga wa oksidi ya itriamu na alumini, uliotiwa seriamu kidogo. Bila seriamu hiyo unga hubaki mweupe, na taa hubaki ya buluu.